Filta ya makopo matatu kwa maji ya Dar: harufu inazoziondoa na zinazoishinda

Ukiingia maduka ya vifaa vya mabomba Kariakoo ukasema maji ya nyumbani yana harufu, mara nyingi utatolewa kitu kilekile: makopo matatu ya plastiki ya inchi 10, yamepangwa mstari kwenye bamba la chuma, na pembeni kikoki chembamba cha shingo ndefu cha kufunga kwenye sinki. Majina ya kwenye maboksi ni mengi. Ndani hakuna tofauti kubwa, kwa hiyo tunaitathmini filta hii kama aina, bila kushindanisha kampuni.

Tuanze na hukumu, maana wengine wanasoma hapa wakiwa njiani kwenda kununua. Kwa harufu ya klorini na harufu ya udongo au ukungu, filta hii inafanya kazi nzuri sana na haihitaji umeme. Kwa maji ya kisima yanayonuka yai viza inasaidia kwa muda mfupi, kisha inachoka. Kwa maji ya chumvi haifanyi chochote. Na haiui vijidudu. Muuzaji anayekwambia ukishaifunga huna haja tena ya kuchemsha maji anakuweka hatarini, wewe na watoto wako.

Kilichomo ndani ya makopo

Kopo la kwanza hubeba katriji nyeupe ya nyuzi za plastiki zilizobanwa, imeandikwa PP na mara nyingi mikroni 5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Inashika mchanga, tope na kutu. Kwa harufu haina msaada, ila bila yake makopo mawili yanayofuata yangeziba upesi. Kopo la pili lina chengachenga za mkaa amilifu, na katriji yake huandikwa GAC au UDF. La tatu lina mkaa huohuo uliosagwa laini na kubanwa ukawa mche mmoja mgumu, huandikwa CTO. Haya mawili ya mkaa ndiyo yanayobeba kazi yote unayoitaka.

Mkaa amilifu ni tofauti kabisa na mkaa wa gunia. Vifuu vya nazi, mbao au makaa ya mawe huchomwa bila hewa, kisha hupitishiwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000 hivi, mpaka mkaa wote unatoboka vitundu vidogo visivyoonekana kwa jicho. Gramu moja inaweza kuwa na eneo la ndani la mita za mraba 1,000; gramu saba zikikunjuliwa zingefunika karibu uwanja mzima wa mpira. Molekuli zenye harufu hunasa kwenye kuta za vitundu hivyo. Klorini yenyewe haikai pale ikijaza nafasi, inavunjwa papo hapo inapogusa mkaa, na ndiyo maana katriji moja humudu klorini kwa maelfu ya lita huku harufu nyingine zikiichosha mapema. Boksi likisema mkaa umetokana na vifuu, chukua hilo: vitundu vyake vingi ni vidogo zaidi na vinashika vizuri harufu hafifu za udongo. Kutumbukiza mkaa wa kupikia kwenye ndoo, kama baadhi ya watu wanavyoshauriana, kunaongeza majivu ndani ya maji na kuacha harufu ilivyo.

Jua kwanza kinachonuka

Hapa ndipo hela nyingi zinapopotea, kwa hiyo tutakaa kidogo. Mtu ananunua filta kabla hajajua ni harufu gani, na harufu za maji ya Dar hazina chanzo kimoja.

Chukua chupa za kioo zenye vifuniko, safi, zisizo na kumbukumbu ya achari wala jamu. Moja ijaze nusu kwa maji ya koki ya nje, pale yanapoingia kutoka mtaani kabla ya kufika kwenye tanki. Ya pili maji ya kwenye tanki. Ya tatu maji ya koki ya jikoni. Ziweke kwenye beseni la maji ya moto mpaka zipate uvuguvugu wa nyuzi 40 hadi 45, funga, tikisa kwa nguvu, fungua na unuse hapohapo. Joto na kutikisa huitoa harufu iliyojificha ndani ya maji. Weka alama chini ya chupa na mwombe mwingine anuse bila kujua ipi ni ipi, maana ukishaamini kuwa maji yananuka utaisikia harufu hata ambapo haipo. Fanyia kazi hii barazani, mbali na sinki. Mara nyingi kinachonuka jikoni ni bomba la maji machafu chini ya sinki, na maji hayana kosa.

Ikiwa chupa zote tatu zina harufu ileile, tatizo limeingia na maji. Ikiwa ya kwanza ni safi na ya pili inanuka, tatizo ni tanki lako. Ikiwa ni ya tatu peke yake, angalia mabomba ya ndani. Sasa harufu zenyewe.

Klorini. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji hutoka Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini yenye uwezo wa lita milioni 196 na milioni 270 kwa siku, na hutiwa klorini kabla ya kusafiri hadi mjini. Shirika la Afya Duniani linataka angalau miligramu 0.2 kwa lita ibaki mpaka kwenye koki ya mtumiaji, na kiwango chake cha juu kwa afya ni miligramu 5. Wapo watu wanaoitambua ladha hiyo kuanzia miligramu 0.3. Maana yake ni kwamba harufu hafifu ya klorini ni kinga iliyokufikia salama. Kama hiyo ndiyo kero yako pekee, huhitaji kununua kitu: yachemshe kama kawaida, au yaache usiku kucha kwenye chombo chenye mdomo mpana kilichofunikwa kitambaa chepesi, na sehemu kubwa itakuwa imetoka. Filta itakuokolea muda tu.

Udongo na ukungu. Hii ndiyo harufu inayowatia watu hofu wakadhani kuna kitu kimeoza bombani. Hutokana hasa na kemikali mbili, jeosmini na ile iitwayo kwa kifupi MIB, zinazotolewa na bakteria wa kijani-buluu waishio mitoni na mabwawani, na bakteria wengine wa kwenye udongo na tope. Pua ya binadamu inazitambua kwenye kiasi cha nanogramu 10 hivi kwa lita. Piga hesabu: maji yote ambayo mitambo miwili ya Ruvu inaweza kuzalisha kwa siku moja yangepata harufu hiyo kwa gramu zisizofika 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Kwa viwango hivyo hazijulikani kudhuru, lakini klorini haiziondoi. Kuchemsha nako ni shida, kwani mvuke unaipandisha harufu ukaisikia zaidi. Mkaa amilifu unazishika vizuri. Kama harufu yako ni hii, filta ya makopo matatu ni ununuzi sahihi.

Dawa, ile harufu ya korido ya hospitali. Watu huilaumu klorini, lakini mara nyingi ni klorini iliyokutana na fenoli kutoka kwenye mpira, gundi au rangi. Mchanganyiko huo husikika kwa kiasi kidogo sana, chini ya mikrogramu moja kwa lita kwa baadhi yake. Mshukiwa wa kwanza ni mpira wa kumwagilia bustani unaotumika kujazia tanki, hasa uliolala juani mchana kutwa ukiwa na maji ndani. Mkaa unaiondoa harufu hiyo, ila badilisha kwanza mpira. Tumia bomba la maji ya kunywa, na maji yaliyolala ndani yake yamwage kabla ya kuuelekeza mpira kwenye tanki. Kwa maji ya boza, mwambie dereva amwage kidogo chini kwanza, kisha nusa mwanzo wa mpira wake kabla hajafungulia.

Yai viza ni gesi ya haidrojeni salfaidi, mgeni wa visima virefu. Husikika kuanzia miligramu 0.05 hivi kwa lita. Ikiwa inanuka kwenye maji ya moto tu na ya baridi ni safi, kisima hakina hatia: chanzo ni hita, ambamo fito ya magnesi iliyowekwa kuzuia kutu huwapa bakteria mazingira ya kutengeneza gesi hiyo. Ikiwa ya baridi pia yananuka, iachie gesi itoke kabla ya kufikiria mkaa. Bomba linaloingiza maji kwenye tanki lifungwe kichwa cha bafu ili maji yaanguke kwa manyunyu, na tanki liwe na tundu la hewa lenye wavu wa mbu. Gesi nyingi itaondoka yenyewe, na klorini kidogo itamaliza iliyobaki. Ukiielekeza moja kwa moja kwenye filta, mkaa utashiba mapema mno na utakuwa unanunua katriji kila mara.

Kutu. Maji ya kisima hutoka meupe, yakikaa saa moja yanageuka rangi ya hudhurungi, na chai huiva nyeusi isivyo kawaida hata kwa majani machache. Hayo ni madini ya chuma; kuanzia miligramu 0.3 kwa lita huanza kutia madoa kwenye nguo nyeupe. Yakifika kwenye mkaa yanauziba. Dawa yake ni hewa na muda wa kutulia, kisha kichujio cha mchanga, ndipo filta.

Chumvi. Visima vingi vya ukanda wa pwani ya jiji vinaonja bahari, na kadiri vinavyovutwa kwa kasi ndivyo maji ya chumvi yanavyozidi kusogea. Ladha huanza kusikika kloraidi inapofika miligramu 250 hivi kwa lita. Mkaa amilifu hauzuii chumvi iliyoyeyuka, haushiki hata chembe. Kama kisima chako kina chumvi, iache filta hii dukani.

Mafuta ya taa, petroli, au kinyesi. Hapa hatuzungumzii filta tena. Petroli iliyomwagika ardhini inaweza kupenya bomba la plastiki, na harufu ya maji taka, hasa maji yanaporudi baada ya mgao, huashiria kuwa bomba lililopasuka limevuta uchafu wakati halina presha. Acha kuyanywa, waambie majirani wa mstari huohuo, piga simu DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Kuyachuja mpaka yasinuke ni hatari zaidi kuliko kuyaacha yanuke, kwa sababu utakuwa umeondoa onyo na kuacha ugonjwa.

Maonyesho ya dukani

Usikubali kushawishika na kalamu ya TDS. Inapima chumvi na madini yaliyoyeyuka kwa kupitisha umeme, basi. Haipimi klorini wala harufu, na bakteria haiwaoni kabisa. Filta ya mkaa ikifanya kazi yake barabara, kalamu itasoma karibu namba ileile kabla na baada. Kuna pia kile kifaa cha vyuma vinne kinachotumbukizwa kwenye glasi mbili, moja ikageuka tope la kahawia mbele ya macho yako. Lile tope limetoka kwenye vyuma vyenyewe, vinavyoliwa na umeme. Glasi ya pili imebaki safi kwa kuwa maji yake hayana madini ya kupitisha umeme. Ongeza chumvi chembe moja kwenye glasi hiyo safi uone.

Kipimo cha maana kwa filta hii ni matone ya kupimia klorini yanayouzwa kwa wenye mabwawa ya kuogelea. Maji ya kabla ya filta yabadilike rangi, ya baada yabaki meupe. Siku ya baada yakianza kubadilika, mkaa umekwisha.

Mwendo wa maji ndiyo siri yenyewe

Katriji ya chengachenga ya inchi 10 ina ujazo wa kama lita 0.65 za mkaa. Maji yakipita kwa lita 2 kwa dakika yanakaa na mkaa sekunde 20 hivi, na kwa lita 6 kwa dakika ni sekunde 6 na kitu. Klorini inaweza kuvumilia haraka hiyo, jeosmini haivumilii. Malalamiko mengi ya kwamba filta ni mpya na harufu bado ipo yanatokana na hili. Weka chupa ya lita moja na nusu chini ya kikoki na uhesabu: isijae chini ya sekunde 45. Ikijaa mapema, punguza koki ya kuingilia.

Kwa nyumba nyingi za Dar tatizo ni la upande wa pili. Simtanki lililo juu ya mnara wa mita 4 linatoa presha ya baa 0.4 tu, kwa kuwa kila mita 10 za kimo ni baa moja, ilhali filta hizi hutengenezwa zikitarajia kuanzia baa moja. Maji yatatoka taratibu, na katriji ya kwanza ikianza kuchafuka yatakuwa ya kudondoka. Kwa ubora wa maji huko si kubaya. Mkaa unapenda mwendo wa pole. Kabla ya kununua pampu, hakikisha bomba linaloleta maji mpaka kwenye filta ni la nusu inchi na halina kona nyingi, na ujaribu katriji ya PP ya mikroni 10 badala ya 5. Ukiwa tayari na pampu, weka koki ya kupunguza na soma kwenye boksi presha ya juu inayoruhusiwa. Kopo la plastiki haliudhiki siku ya kwanza. Linapasuka baada ya miezi ya kupigwa na mshtuko wa pampu inapowaka na kuzima, na kwa kawaida ni usiku.

Kufunga

Fundi bomba yeyote mwangalifu anaweza, lakini simama naye. Kwenye vichwa vya makopo pameandikwa IN na OUT; vikigeuzwa, maji hupita katriji ya kwanza na ya tatu kutoka ndani kwenda nje na zinaziba haraka. Katriji ya chengachenga ina upande wenye ringi ya mpira, na upande huo hukaa juu. Ikiwekwa kichwa chini, maji hupita pembeni mwa mkaa bila kuugusa, na hakuna kitu kitakachokujulisha isipokuwa pua. Kabla ya kuiweka itikise sikioni: chenga zikiyumba kwa nafasi kubwa, imejazwa pungufu, irudishe dukani. Katriji ya CTO ikague miisho yote miwili. Mpira ukikosekana au ukiwa umekunjika, ni kama hujaweka katriji.

Ringi kubwa ya mpira ya kila kopo ipakwe grisi ya silikoni. Mafuta ya mgando ya kujipaka huvimbisha baadhi ya mipira na kuiharibu. Kaza kopo kwa mkono, kisha robo mzunguko tu kwa ile spana ya plastiki. Wanaokaza kwa nguvu zote ndio wanaokuja kulipasua wanapotaka kubadilisha. Kimpira cha kwenda kwenye kikoki kikatwe wima kwa wembe mkali, kisukumwe mpaka mwisho, kisha ukivute kuona kama kimeshika. Kikikatwa kwa mshazari kitavuja.

Weka koki kabla ya filta, na pia njia ya pembeni inayoyapitisha maji bila kuyachuja. Mtaalamu wa dukani mara nyingi hasemi kuhusu njia hiyo, nasi tunaiona ya lazima katika jiji lenye mgao. Maji yanaporudi huja yamebeba tope na kutu vilivyobanduka kwenye mabomba, na saa moja ya maji hayo inaweza kuziba katriji ya miezi mitatu. Funga filta, acha maji ya mwanzo yaende bustanini au chooni, kisha fungua.

Makopo yanayoonyesha ndani hupendeza, na la kwanza linafaa liwe hivyo ili uone uchafu. Haya ya mkaa yakipigwa na mwanga yanaota ukoga wa kijani, kwa sababu klorini imeshaondolewa humo. Yafunge ndani ya kabati.

Kabla ya kunywa, mwaga lita 20 za kwanza. Zitatoka nyeusi kwa vumbi la mkaa, kisha nyeupe kama zina maziwa. Weupe huo ni hewa. Glasi ikitulia unasafika kuanzia chini kwenda juu. Usipotoweka ndani ya dakika chache, endelea kumwaga.

Klorini ikishaondoka

Jambo hili tungependa liandikwe kwenye kila boksi. Mkaa unaondoa klorini, na baada ya hapo maji hayana mlinzi. Bakteria huota juu ya mkaa na ndani ya kikoki, na maji yakilala usiku kucha hutoka asubuhi na harufu ya uvundo au shombo. Kila asubuhi mwaga lita moja au mbili za kwanza, uzitumie kuoshea vyombo. Mkirudi kutoka safari ya wiki, mwageni lita 10.

Mpangilio sahihi ni huu: klorini kwanza, ipewe dakika 30 kufanya kazi kwenye tanki au ndoo, halafu filta, halafu sufuria. Kuchemsha kuje mwisho, maji yakiwa yamefunikwa ili yasichukue moshi wa kuni au mkaa. Msichuje maji yaliyokwisha kuchemshwa: mnayarudishia vijidudu vya kwenye katriji, na joto linaharibu plastiki. Ile ladha iliyopooza baada ya kuchemsha huondoka kwa kuyamimina mara kadhaa kutoka chombo kimoja safi kwenda kingine. Wazee wa pwani hufukiza mtungi kwa ubani ili maji yanukie. Ni desturi nzuri ya mezani, ila haiui kitu.

Maji ya filta yasiyochemshwa msiyaweke kwenye ndoo kwa siku nzima.

Tanki lenyewe

Filta haiwezi kulishinda tanki chafu. Tundu la kutolea maji huwa juu kidogo ya sakafu ya tanki, na chini yake tope hujikusanya na kutengeneza harufu ileile ya udongo tuliyoitaja. Ondoa maji, sugua kuta na sakafu kwa brashi bila sabuni yenye manukato, suuza. Kisha kwa kila lita 1,000 za maji weka lita moja na nusu ya dawa ya klorini ya asilimia 3.5 isiyo na manukato. Unapata kama miligramu 50 kwa lita. Acha usiku kucha, fungua koki zote za ndani kidogo ili dawa ifike kwenye mabomba, isipokuwa filta, ambayo katriji zake ziwe zimetolewa. Asubuhi mwaga yote, suuza mara mbili. Dawa hiyo isikutane na siki wala tindikali ya chooni, hutoa gesi ya sumu. Aliyeingia tankini kusugua atoke kabla klorini haijamiminwa, na asiwe peke yake.

Kazi hii ifanyike angalau mara mbili kwa mwaka. Mfuniko usiobana unaingiza mwanga, na mwanga unaotesha mwani. Tanki jipya linalonuka plastiki lijazwe, likae siku moja, limwagwe, lirudiwe mpaka harufu ipungue.

Gharama inayofuata

Uliza bei ya katriji kabla ya bei ya chombo. Familia ya watu watano inayochuja maji ya kunywa na kupikia peke yake hutumia kama dumu moja la lita 20 kwa siku, yaani lita 3,600 kwa miezi sita. Katriji za mkaa zilizoandikwa uwezo wa lita 5,000 zinatosha nusu mwaka huo, na PP hubadilishwa kila miezi mitatu au mapema maji yakipungua kasi. Ukiunganisha filta hiyohiyo kwenye nyumba nzima, lita 200 kwa siku, umemaliza mkaa ndani ya siku 25. Kwa hiyo iwe ya koki moja ya jikoni. Chagua makopo ya kipimo cha kawaida cha inchi 10 kwa 2.5, ambayo katriji zake zinapatikana kwa wauzaji wengi. Yale yenye umbo la pekee yanakufunga kwa duka moja, na duka likifunga umebaki na mapambo. Boksi likitaja kiwango cha Marekani cha NSF/ANSI 42, hicho ni cha klorini, ladha na harufu. Namba 53 ni ya madhara ya kiafya. Maneno hayo kuchapwa kwenye boksi hayathibitishi kitu peke yake, omba cheti chenye jina la modeli uliyoshika.

Kwa wenye kisima cha chumvi, kinachohitajika ni mtambo wa osmosisi geuzi, ambao husukuma maji kwenye utando unaozuia chumvi, na hutumia makopo haya matatu kama utangulizi wa utando huo. Unataka presha ya baa 3 hivi, yaani pampu na umeme, na mitambo midogo humwaga lita 2 hadi 4 kwa kila lita moja ya maji safi. Hayo ya kumwagwa yana chumvi zaidi ya yalivyoingia, yatumie chooni au kwa deki, mimea haitayapenda. Kwa anayenunua maji ya boza, piga hesabu ya lita hizo kabla ya kulipa.